Bonsai na upepo wa ziwani: maswali yenu

Kiangazi kimeingia, na sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, tunajua kinakuja na upepo. Waliopanga bonsai zao, yaani miti inayofugwa mifupi vyunguni, nje kwenye vichanja wameshaanza kuokota vigae. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Shikamoo mzee. Niko Bangwe, nyumba inatazama ziwa. Mkwaju wangu umeanguka mara mbili wiki hii, na mara ya pili chungu kimepasuka. Jirani ananiambia niweke mawe chini ya udongo ili chungu kipya kiwe kizito. Nimsikilize?

Marahaba mwanangu, na pole kwa chungu. Jirani mshukuru, lakini mawe usiweke. Chungu cha bonsai kina kina cha vidole vinne vitano tu. Ukikijaza mawe, mizizi itakaa wapi? Isitoshe, maji hayatoki upesi kwenye udongo mlaini kuingia kwenye mawe. Yanatuama juu yake, pale pale mizizi ilipo, na mti unaoza ukiwa umesimama wima kabisa.

Kosa halimo kwenye uzito, limo kwenye majani. Mti wenye majani ni tanga. Tena upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne, ndiyo maana chungu kilichotulia asubuhi nzima unakikuta chini saa tisa alasiri. Dawa ni kufunga, na kufunga kuna sehemu tatu: mti kwenye chungu, chungu kwenye kichanja, kichanja kwenye ardhi. Ukiruka moja, mbili zilizobaki umejisumbua bure.

Wewe anza na ya kwanza, kwa kuwa chungu kimepasuka na huna budi kuhamisha mti. Mizizi usiikate sasa, ngoja mvua. Chukua waya wa shaba aliobakiza fundi umeme, hata na plastiki yake, uupitishe kutoka chini kwenye matundu ya kutolea maji, uzungushe juu ya donge la mizizi, kisha uukaze kwa koleo. Penye mzizi mnene tanguliza kipande cha tyubu ili waya usiuchubue. Ukimaliza, shika shina utikise taratibu: mti na chungu viende pamoja. Mti ukicheza peke yake, rudia. Vimizizi vipya ni vyororo kama uzi. Mti unaoyumba unavikata kila siku, na baada ya miezi miwili unaanza kutafuta aliyekuroga.

Mimi wa Gungu. Vyungu vyangu vimenigharimu, sitaki kuvitoboa. Nitavifungaje kwenye benchi?

Chungu hutoboi, unatoboa ubao. Piga skrubu mbili ubavuni mwa kichanja, moja mbele na moja nyuma ya kila chungu. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, ile ile wanayofungia magunia ya mkaa, uufunge kwenye skrubu ya mbele, uupitishe juu ya ukingo wa chungu na juu ya udongo kando ya shina, ushuke nyuma. Chungu kikubwa kifunge tepe mbili, moja kila upande wa shina. Usifunge upande mmoja tu ukidhani umeshamjua adui: hapa kwetu mchana upepo hutoka ziwani, usiku ukashuka kutoka vilimani.

Kwa nini mpira na si waya? Mpira unanyumbuka dhoruba ikivuta, halafu unarudi. Waya ama unakatika wenyewe ama unamega ukingo wa chungu. Uzi wa nyavu nao ni mgumu kweli kweli, lakini nailoni ikilowa hulegea, na wewe unamwagilia kila siku. Ila mpira una umri wake juani. Ukiona umeanza kufanya nyufa, badilisha.

Na tafadhali, kamba isifungwe kwenye shina. Nasema haya nikiwa na ushahidi uani kwangu. Niliwahi kuufunga mkuyu wangu kwenye ukingo wa kichanja “kwa wiki moja tu”, nikasahau, na kamba ikazama ndani ya gome. Kovu lipo mpaka leo. Wageni wakiuliza nawaambia ndio mtindo wenyewe.

Nafikiria kujenga ukuta wa matofali upande wa ziwa ili nikate upepo kabisa. Nipo Ujiji.

Hifadhi matofali yako. Ukuta uliozibwa haukati upepo, unauruhusu uruke juu kisha uporomoke upande wa pili ukizunguka ovyo, na vichanja vyako viko hapo hapo. Kinachofaa ni kizuizi kinachopitisha kama nusu ya upepo: ua wa miti, au mabua yaliyosukwa kwa kuachiana nafasi. Hapo mwaloni Kibirizi hukosi wavu mkuukuu wa dagaa. Ukunje mara mbili, uukaze kwenye nguzo imara. Kizuizi cha namna hiyo hutuliza upepo mpaka umbali wa karibu mara kumi ya kimo chake.

Kasulu. Mti wangu haujaanguka, lakini kingo za majani zinakauka ingawa namwagilia kila asubuhi.

Ni upepo huo huo. Unanyonya maji majanini kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Mwagilia na jioni pia, lakini kwanza chomeka kidole: penye unyevu bado, acha. Udongo ukishakauka kama kigae, maji ya kopo yanapita pembeni tu. Tumbukiza chungu chote kwenye beseni mpaka mapovu yaishe.

Je, naweza kufanya bonsai ya mchikichi? Ni mti wa kwetu.

Hapana. Mchikichi una kichwa kimoja cha kukua. Ukikikata, umeua mti. Chukua mkwaju au mkuyu.

Kwangu Mwandiga vyungu vilikuwa vimefungwa vizuri, lakini benchi lote lilipinduka pamoja navyo.

Pole, hasara hiyo naijua uchungu wake. Chimbia miguu nusu mita na uimwagie zege. Miguu ya mbao ukiichimbia hivi hivi mchwa watakushukuru, kwa hiyo tafuta bomba la chuma, au jenga miguu ya matofali ya saruji na ufunge mbao za mninga juu. Mbao ziachiane nafasi ya kidole, maji yashuke na upepo nao upite badala ya kubeba kichanja kutoka chini. Ule mtindo wa kusimamisha mti juu ya nguzo moja unapendeza kwenye picha, uache kwenye picha. Kama huwezi kuchimba, weka ubao wa chini karibu na ardhi, upakie viroba viwili vya mchanga. Miti mirefu na yenye majani mengi ipange chini, mifupi juu.

Na mvua zikianza, ukiona wingu jeusi linakuja, usisimame ukihesabu skrubu. Shusha vyungu vyote chini, nyuma ya nyumba. Ukichelewa, anza na miti mikubwa.