Kwa Nini Sasa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako uliingia usiku, nyinyi mkiwa bado kwenye treni, sijui mlikuwa Voi au Mtito Andei. Umeandika: "Baba, nimekuona umembeba mwanangu mabegani, maji yamekufika kifuani. Sisi hata miguu hukutuacha tuloweshe. Mwaka mmoja umekugeuza hivi? Kwa nini sasa?" Halafu ukanyamaza, nami nikajua si swali la mzaha.

Nilitaka kukupigia simu. Mamako akasema la, kwenye simu utakohoakohoa, uulize bei ya unga huko Nairobi, iwe basi. Andika. Kwa hiyo naandika, kwa kalamu, na atakayezipiga picha karatasi hizi akutumie ni yule kijana wa jirani asiyejua kufunga mdomo. Hesabu kuwa mtaa mzima umeshazisoma kabla yako.

Wasema mwaka mmoja. Babu yangu alihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Akijua mwongo wa ngapi wa kupanda na mwongo wa ngapi wa kutweka tanga. Mimi wangu nauhesabu kuanzia siku ile ya Oktoba niliyorudisha kitambulisho cha bandari. Miaka 35, tangu 1989. Wenzangu walinichangia wakanipa saa ya ukutani. Mtu aliyeishi kwa king'ora cha zamu maisha yake yote, wampa saa aitazamie nini? Lakini ni saa nzuri, ipo sebuleni, umeiona.

Mengine ya mwaka huu wayajua. Pesa za kustaafu zilipoingia, kila ndugu akawa na kiwanja cha kuniuzia. Sikununua. Nilibadilisha mabati, nikamlipa niliyekuwa na deni lake, basi. Daktari akaniambia sukari imepanda na mapafu yapiga filimbi, nami Februari nikaacha sigara, zile nilizokuwa nikinunua moja moja dukani ili nijidanganye kuwa mimi si mvutaji wa pakiti. Nimeiba pumzi mbili kwenye harusi moja Agosti. Usimwambie mamako, ingawa kwa mkondo wa barua hii najua ameshaambiwa.

Na tumehama Magongo tukarudi Mtongwe, ng'ambo ya feri. Hapo ndipo penye swali lako.

Mlikua mkiamini tuliishi Magongo kwa sababu ya kazi yangu. Ndivyo nilivyowaambia watu wote. Unakumbuka darasa la sita, shule ilipowapeleka ufuoni Pirates siku ya kufunga? Uliniletea karatasi nitie sahihi. Nikakwambia pesa hazipo. Ulilia mpaka ukalala na sare. Pesa zilikuwapo, mwanangu. Zilikuwa kwenye mfuko wa shati lililoning'inia mlangoni, wewe umelala chini yake.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994. Wewe hujazaliwa, kakako ana miaka miwili. Tulikuwa twaishi Mtongwe, kiwanja hikihiki, nyumba ikiwa ya makuti. Nilitoka zamu ya usiku, nikashuka kungoja feri upande wa kisiwani, ije inivushe nikalale. Mkononi nina mkebe wa chakula, mtupu. Feri ikaondoka upande wa kwetu na watu wanaokuja kazini. Haikufika mbali. Niliiona imelala ubavu. Nikadhani ni macho yangu, maana usiku kucha sikuyafumba. Nilipoangalia tena haikuwapo.

Palikuwa na mayowe upande wetu. Vijana wawili walivua mashati wakajitosa, wengine wakakimbilia mashua. Mimi nikasimama. Nilikuwa na miaka 29, mwili wa kubeba magunia, nimezaliwa hatua chache kutoka maji yale, na sijui kuogelea. (Hilo lisikushangaze. Mombasa tuko wengi. Bahari twaila, twaiimba, tukiulizwa twajiita watu wa pwani, lakini tukishatota magoti twarudi.) Walikufa watu 272. Wamo wa mtaani kwetu. Yumo bibi aliyemkanda mamako alipojifungua kakako. Mamako huwataja mmoja mmoja kwenye dua zake, mimi sikuwahi.

Najua hata ningalikuwa papa nisingalifika. Mkondo ni mpana na maji yake yana nguvu. Nimejiambia hivyo miaka na miaka. Lakini kila nikijiambia naukumbuka ule mkebe, vile nilivyoushika kwa mikono miwili, nimeukumbatia, kama kwamba ndio uliokuwa ukizama.

Haikupita miezi miwili tukawa Magongo. Kutoka Magongo waenda kazini na kurudi bila kupanda chombo. Huko ndiko ulikozaliwa.

Sasa cheka: mtu huyo akaendelea kufanya kazi juu ya maji. Kilindini, jina lenyewe lakwambia penye kilindi. Nilipotoka kwenye winchi za meli wakanipandisha kreni kubwa, wakaa kwenye kijumba cha vioo na chini ya miguu yako kuna vioo vilevile, kisha hewa, kisha meli, kisha maji. Watu waliniuliza kama siogopi. Sikuogopa kwa sababu sikutazama maji. Nilitazama kontena: pembe nne, kufuli nne, zikishika zote ndipo wainua, na wakati wa kushusha washusha kama waweka mtoto kitandani. Ukitazama pembe nne saa nane kwa siku, hakuna maji.

Nilipostaafu hakukuwa tena na kontena la kutazama.

Ungependa, nadhani, nikwambie niliota ndoto, au nilisikia waadhi msikitini. La. Ni mamako. Novemba mwaka jana ndiyo tumerudi tu, vyombo tumevipitisha Dongo Kundu kwa lori (asante kwa barabara ile, nimehama kutoka bara hadi kusini bila kukanyaga feri). Tumekaa barazani. Meli yapita, kubwa, imebeba ghorofa za kontena, nami namweleza ile kontena ya juu kabisa yateremshwaje. Akaniacha nimalize. Kisha akasema: "Mjukuu wako atakuja mwakani. Ukimkataza na yeye, nitampeleka baharini mwenyewe. Na mimi sijui kuogelea. Tutazama sote wawili, nawe usimame."

Usimame. Miaka 30 sikuwahi kumwambia mtu yeyote duniani kwamba nilisimama. Sijui amejuaje. Nimemuuliza, ameniambia nimpishe anachuja nazi.

Desemba nikamtafuta kijana mmoja mvuvi wa Likoni, umri wa kitinda mimba wangu kama ningalikuwa naye. Pesa alikataa. Alitaka nimwandikie barua za kuomba kazi melini, maana mwandiko wangu wampendeza. Nimemwandikia tatu, na ya nne ipo hapa chini ya karatasi hii. Tulikuwa tukikutana ufuoni Shelly siku maji yakijaa mapema, kabla ya watu kuwa wengi. Si kwa sababu ya haya. Kwa haya pia.

Kaskazi ndio wakati wa kujifunza, nakwambia mtu yeyote. Bahari imelala, maji meupe, waona mpaka kivuli chako juu ya mchanga. Alianza na kunifundisha kuelea chali. Alisema maji ya chumvi yanambeba mtu kuliko ya kisima, kwa hiyo nisimsaidie bahari kazi yake. Nikazama mara zote. Nimekunywa maji ya bahari mwezi ule kuliko chai. Mamako alikuja siku ya tatu, akatandika mkeka, akaweka chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, akajifunga leso mpya. Nilipotoka majini nikalisoma jina la leso ile: Mchelea bahari si msafiri. Ameitafuta Marikiti makusudi, mwanamke yule. Kanihakikishia ilikuwa ya mwisho dukani.

Wiki ya pili au ya tatu, kijana akaniuliza, "Mzee, umeshika nini?" Nikamwambia sijashika kitu. Akanishika mikono, akanionyesha. Ngumi zote mbili, zimekaza kifuani, mpaka kucha zimetia alama viganjani. "Huwezi kuelea umeshika kitu," akasema, kama mtu anayekwambia funga kamba ya kiatu. Sikumweleza. Tulirudi ufuoni, nikanywa chai, nikakaa kimya, mamako akanitazama na hakuuliza lolote.

Nilipofungua mikono nilielea. Si siku ile, kama wiki moja baadaye.

Kufikia Machi nilikuwa nikienda hatua arobaini sambamba na ufuo, kwa mtindo ambao kijana auita wa mbwa mzee. Kisha kusi ikaingia, masika ikashuka, bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa, mwani ukajaa ufuoni mpaka kiunoni. Aprili hadi Agosti sikuingia. Nilidhani nimesahau yote. Septemba nikaingia na kumbe mwili haukusahau, ni pumzi tu zilizopungua, na hizo ni hesabu za sigara, si za bahari.

Juni nilivuka Likoni kwa feri. Hilo sikumwambia mtu. Miaka yote hiyo nilipolazimika kuvuka, kwa mazishi mara nyingi, nilijibanza katikati ya watu nikifumba macho, nasoma dua. Safari hii nilikwenda ukingoni nikashika chuma. Ni dakika chache tu, wajua. Mwanamke kando yangu alikuwa na tenga la ndimu, mtoto wa shule anakula mabuyu na mdomo mwekundu. Nikatazama chini. Kulikuwa na maji, na ndara moja ya mguu wa kushoto inaelea. Niliitazama mpaka ikapotea nyuma yetu. Nilipofika ng'ambo nilikuwa nimesahau nilikuwa naenda kununua nini, nikarudi na feri ileile.

Na hapo nikawataja, mwanangu. Palepale ukingoni, kwa sauti ndogo. Wote niliowajua.

Sasa umeniuliza kwa nini sasa, lakini nimeusoma ujumbe wako vizuri. Ulichouliza ni kwa nini si sisi. Wewe na kakako mlikuwa na baba mwenye afya, wa Mombasa, na mmekua mkiiona bahari kutoka dirisha la matatu. Nilifanya hofu yangu ikawa sheria ya nyumba, nikaivisha nguo za umaskini ili msiihoji. Kuwakataza si kosa pekee. Kosa ni ule uongo wa pesa, kwa sababu baada ya hapo hukuniomba tena kitu. Nimekaa nikihesabu, na kweli, tangu darasa la sita hukuniomba kitu mpaka karo ya chuo, na hiyo ulimtuma mamako. Niwie radhi. Na kama una hasira, usizifunike kwa adabu. Kwa siku tatu mlizokuwa hapa uliniita "Baba shikamoo" kila asubuhi kwa sauti ambayo ningependelea unitukane.

Kakako nimemwandikia pia. Yake ni fupi, yeye hapendi maneno.

Desemba mkipata likizo, mtazame mwezi kabla ya kukata tikiti. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji ya kwetu hujaa alasiri, kama saa kumi, halafu kila siku yachelewa kiasi cha dakika hamsini. Msije siku za maji mafu, si kwamba ni mabaya, lakini alasiri yatawapwea na mtoto atavunjika moyo. Kaskazi itakuwa imeanza. Kijana wa Likoni, kama hajaitwa melini, atakuwapo.

Mtoto nishamnunulia kaptura. Wewe sijui utavaa nini. Niliuliza maduka mawili na mamako amenikataza kuendelea kuulizauliza wanawake wa watu habari za nguo. Yeye mwenyewe juzi ameingia mpaka magotini, na leso yake ile, akasimama hapo kitambo akishika mkono wangu. Ametoka akisema maji ni baridi, na si kweli.

Babako