Tipu, boksi na lipa namba: nilivyoviona nikiwa mhudumu, na sasa nikiwa mwenye mgahawa

Mleta mada umesema umekula sehemu hapa Mbeya mjini, ukutani wamebandika "TAFADHALI USIMPE MHUDUMU TIPU", wewe ukaacha buku mbili chini ya sahani, dada akakukimbilia kukurudishia huku anaangalia kaunta, na sasa unauliza kama ulimdharau. Mkuu hukumdharau, alikuwa anaogopa. Nakujibu kama mtu aliyebeba trei miaka mitano na saivi nina kamgahawa kangu Uyole, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za kaunta, na kote nimeshafanya ujinga.

Nilianzia Mwanjelwa 2014, sehemu ya kitimoto na bia. Mshahara 80,000 kwa mwezi, na hiyo yenyewe haifiki nzima, glasi ikivunjika unakatwa, mteja akitoroka na bili unakatwa, mwezi wa sita baridi imekaza watu hawatoki majumbani bosi anakwambia subiri kidogo. Kilichokuwa kinatuweka mjini ni chenji. Mtu amekula 13,500 anatoa 15,000, hiyo buku jero unamrudishiaje, hapo ndo kuna ufundi. Ukimpelekea noti ya buku na jero moja anachukua noti anaacha jero. Ukimpelekea sarafu tatu za jero, na wakati huo ndo zilikuwa zimetoka mpya, anaziangalia anaona zitamtoboa mfuko, anaacha zote. Dada mmoja wa zamani pale ndo alinifundisha, kila asubuhi anapita kwa makonda wa daladala kuchenjisha noti, sisi tunamcheka, jioni anatucheka yeye.

Kuna na ile ya "na wewe chukua soda". Wakuu, ile soda hainywewi. Unamwambia wa kaunta nihifadhie, mkifunga usiku unachukua hela yake na yeye unamwachia kidogo. Kuna Jumamosi niliagiziwa soda sita na nikalala sijaonja hata moja.

Na alikuwepo mzee mmoja wa Tukuyu, huyo simsahau. Anakula taratibu, akimaliza anasimama anakupa mkono kama mnasalimiana, anasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ukitoa mkono unakuta buku imekunjwa ndogo kama karatasi ya dawa. Meza ya pili hawajaona kitu. Wengine bwana wanakurushia jero mezani na kuita "we kijana njoo uchukue hela yako", unachukua, utafanyaje, lakini unatembea nayo hadi jikoni imekuwa nzito.

2016 nikahamia Iringa mjini, hoteli ya wageni wanaolala usiku mmoja kabla ya kwenda mbugani Ruaha. Hapo nikasema nimetoka kimaisha. Kumbe kuna boksi la tipu. Boksi la mbao, kufuli, liko kaunta, ufunguo anao meneja peke yake, na kila mwisho wa mwezi analifungulia ofisini kwake halafu anatoka na bahasha. Kuna mama wa kizungu tuliona kwa macho yetu anatumbukiza dola 20, mwezi ule tuligawiwa 7,000 kila mtu, tupo kumi na moja. Piga mwenyewe hesabu. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo.

Hapo ndo nilijifunza tabia za mataifa pia. Mmarekani anaacha nyingi na ukimshukuru sana anashangaa, kwao ile sio hisani ni sehemu ya mshahara, maana sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri amlipe anayepata tipu dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo kama California yameikataa hiyo. Mjapani sasa, analipa kamili, anasubiri chenji hadi ya mwisho, anainama anaondoka. Tulikuwa tunamsengenya jikoni hadi nikaja kuelewa kwamba kwao tipu haipo, ukiacha hela mezani mhudumu anaweza kukufuata barabarani akijua umesahau. Hakuwa bahili yule, sisi ndo tulikuwa washamba.

Halafu 2017 likaja tangazo kama hilo lako. Hakuna tipu, huduma imo kwenye bei. Bei za chakula zikapanda, sisi tukaongezwa 15,000. Mimi peke yangu kwa zile za mkononi nje ya boksi nilikuwa napata kama 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo nikapigwa 45,000 kwa jina la ustaarabu. Ila niseme ukweli, jikoni walifurahi. Mpishi wetu, mtu mzima, anakaa na moshi na mafuta tangu saa kumi na moja alfajiri, hajawahi kupewa mkono na mzungu yeyote, aliniambia "sasa na nyie mtajua mshahara unavyouma". Sikuwa na jibu.

Na hiyo sababu ya jikoni ndo iliyomfanya Danny Meyer, yule mwenye migahawa mikubwa New York, aanze kuondoa tipu 2015, akapandisha bei ili wapishi na wahudumu wakaribiane. Wahudumu wake wengi waliondoka, na 2020 kwenye korona akairudisha. Mtu mwenye nia na hela zake ilimshinda, sembuse bosi wa hapa anayechapa karatasi stesheneri na kuibandika kwa gundi.

Kwa hiyo mimi tangazo lenyewe silipingi, napinga lisilo na mshahara nyuma yake. Na wewe mteja huwezi kujua ukiwa mezani, na usimuulize dada analipwa ngapi mbele ya bosi wake, utamponza.

Sasa ujinga wangu. Nimefungua Uyole, madereva wa malori ya Tunduma wanakula kwangu, nimeweka lipa namba kama kila mtu, mteja analipa kwa simu na hela inaingia kwangu. Chenji ikafa. Mtu anadaiwa 8,000 anatuma 8,000, jero za kumtoboa mfuko hazipo tena. Wachache wanazidisha, anatuma 10,000 anamwambia binti "hiyo buku mbili yako", anaondoka. Hiyo buku mbili iko wapi? Iko kwenye simu yangu. Mimi jioni naangalia salio naona siku imekuwa nzuri, namshukuru Mungu, nalala.

Miezi mitatu, wakuu. Hadi binti akaja kaunta amejikunja, anasugua kitambaa mahali pasipo na uchafu, akasema "samahani bosi, yule baba wa asubuhi aliniongezea". Nikamuuliza hii ni mara ya ngapi, akatoa karatasi kwenye mfuko wa aproni. Ameandika tarehe na kiasi, kila moja, jumla 41,000. Nililiona lile boksi la Iringa, safari hii ufunguo ninao mimi.

Nilimlipa yote siku hiyo hiyo. Uingereza wenzetu tangu Oktoba 2024 kuna sheria kabisa, tipu yote iende kwa wafanyakazi, hata ya kadi, mwajiri asikate. Huku kwetu inategemea bosi amelala vipi.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu, mpe noti mkononi, kama yule mzee wa Tukuyu, na kama kuna tangazo mpe nje akikusindikiza, akikataa mara mbili mwache. Ukizidisha kwenye lipa namba hakikisha bosi mwenyewe amesikia.

Kwangu saivi kuna daftari limening'inia kwenye msumari mlango wa jikoni. Kila kilichozidi kwenye simu kinaandikwa, Jumapili nakitoa taslimu. Niliwaachia wenyewe waamue mpishi na muosha vyombo wapate ngapi humo, wakabishana wiki nzima, siku ya tatu walitaka niamue mimi, nikatoka nikaenda kununua mkaa.