Re: Saccos yetu iko tayari kuachana na daftari?
Mkuu umeuliza utajuaje kama saccos yenu iko tayari kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta moja kwa moja, sio ule moto wa mwanzo halafu watu wanarudi kwenye daftari. Mi nakushauri usianze na mwenyekiti, huyo lazima atasema tuko tayari. Nenda kwa keshia na karani wa mikopo, waulize mfumo ukija kazi gani inawapungukia, wakikwambia "tutaandika mara mbili, daftari na kompyuta" basi hamko tayari hata kama hela ya kununulia ipo. Pia angalia nyuma, kuna kitu gani mlishabadilisha kikadumu? Hiyo inaongea kuliko dodoso lolote.

Mwanasaikolojia mmoja, Kurt Lewin, alishaandika tangu 1947 kwamba badiliko lina hatua tatu, kuyeyusha mazoea, kuhama, kisha kugandisha upya (yaani mazoea mapya yashike), na hiyo ya mwisho ndo huwa tunairuka (semina, soda, picha ya pamoja, basi). Kwahiyo cheki kama bajeti ya mwaka wa pili ina mafunzo na matengenezo, na tarehe ya kufunga daftari ipitishwe mkutano mkuu iingie kwenye muhtasari, maana bodi zinabadilika. Afu kuna mtu ananufaika na daftari likiwa vurugu? Huyo mjue mapema.