Jibu: Kitabu cha C kwanza, au cha mifumo ya kompyuta?
Ndugu, umeuliza uanze na kipi. Anza na C, lugha ya kuandikia programu. Kitabu chake cha Kernighan na Ritchie, The C Programming Language, ni chembamba, ila tafuta toleo la pili la 1988. La kwanza, la 1978, lilitoka kabla C haijawekewa kiwango rasmi, na hata funksheni (vipande vya programu vyenye kazi maalumu) ziliandikwa tofauti. Usikisome kama riwaya. Andika kila zoezi, likikataa, hangaika nalo.

Pointa (vigeu vinavyoshika anwani za memori) na memori yenyewe zikishakukaa kichwani, hamia kwenye kile cha mifumo cha Bryant na O'Hallaron, Computer Systems: A Programmer's Perspective, toleo la tatu, maana la kwanza lilisimama juu ya mashine za zamani za biti 32, si za biti 64 za leo. Sura ya tatu, penye asembli (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine), itakutoa jasho (mimi niliirudia mara mbili). Ya nne, ya muundo wa prosesa, iruke kwanza.