Msimkaririshe mtoto ushahidi

Mtoto wa miaka sita anaruhusiwa kutoa ushahidi? (Mzazi, Kayole)
Anaruhusiwa. Hili nimelijibu hadi nimechoka. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hakiweki umri maalum. Kinachotakiwa ni aelewe maswali na aweze kuyajibu.

Hakimu alimuuliza binti yangu anasali wapi na mwalimu wake ni nani. Hayo yanahusu nini? (Baba, Umoja)
Alikuwa akimpima. Akielewa maana ya kiapo, anaapishwa. Asipoelewa, lakini ana akili ya kutosha na anajua ni lazima aseme kweli, anasikizwa bila kiapo. Tangu uamuzi wa kesi ya Kibageny wa 1959, mahakama zetu huwapima hivyo walio chini ya miaka 14. Hakimu akiruka hatua hiyo, kesi haianguki papo hapo; Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2016. Wakili anayekuahidi ushindi wa rufaa kwa hoja hiyo peke yake anataka pesa zako tu.

Mtu anaweza kufungwa kwa neno la mtoto mmoja? (Githurai)
Kwa kesi ya wizi au mauaji, maneno ya mtoto ambaye hakuapishwa lazima yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Kwa kesi za ngono, kifungu cha 124 kinaruhusu hakimu kumwamini mwathiriwa peke yake, mradi aandike sababu zake. Na tafadhali, P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, isipoonyesha jeraha haiui kesi.

Watoto si hufundishwa cha kusema? (Mume aliyeachwa, Kawangware)
Hufundishwa, na mara nyingi anayewafundisha ni yule anayewapenda. Mama anauliza, shangazi anauliza, mwalimu anauliza, pasta naye hakosi: "Alikushika hapa, sivyo?" Kufikia dawati la polisi, mtoto ameshajua jibu linalomtuliza mtu mzima. Kule California, watoto wa shule ya chekechea ya McMartin, ambayo walimu wake walishtakiwa kuwanajisi, walihojiwa kwa maswali ya namna hiyo. Kesi ikaisha 1990 bila hata mtu mmoja kutiwa hatiani.

Mtoto wa Nairobi husema "alinifanyia tabia mbaya", na mahakimu wetu wanamwelewa vizuri kabisa. Mama anaona haitoshi, anamkaririsha "alininajisi". Wakili wa utetezi anainama, anauliza kwa sauti ya upole: "Neno hilo umelisikia wapi?" Mtoto, kwa kuwa ni mkweli, ananyoosha kidole kwenye benchi alikoketi mama.

Basi sema tu, "Niambie ilivyokuwa," kisha nyamaza. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, na usiulize tena. Lakini wewe uliyeuliza, usidhani nakutetea. Mtoto kusikia ugomvi wenu hakumfanyi mwongo.

Tumeelewana na familia ya mshtakiwa. Nifute kesi ya unajisi? (Dandora)
Huwezi. Wala chifu hawezi. Warudishie watu pesa zao.

Mtoto anatetemeka akimwona mshtakiwa. (Mama, Kibera)
Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinaruhusu mtoto akae mahali pa kukingwa, asaidiwe na mtu wa kuongea kwa niaba yake, au umma utolewe nje. Mwambie mwendesha mashtaka aombe haya kabla ya siku ya kusikizwa, si asubuhi ile mkiwa koridoni. Kesi ikiahirishwa, kumbusha tena, maana faili hubadilisha mikono na atakayekuja huenda hana habari.