Pama ya Askari wa Bama: Ukingo Juu au Chini?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vita vya pili wakampeleka Bama (Myanmar ya leo). Nyumbani tuna picha yake moja tu, amesimama wima amevaa pama, kofia ile ya ukingo mpana, ukingo wa kushoto umepandishwa ukabanwa. Sasa natengeneza mandhari ndogo, askari sita wa plastiki wanatembea kwenye matope, kipimo 1/35 (mara 35 kidogo kuliko halisi), na nimewapandishia wote sita ukingo wa kushoto kama babu. Mdogo wangu kaangalia akasema kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni nini. Nimekosea wapi? Na huu ukingo wa plastiki naupunguzaje, manake ni mnene kama chapati. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumtengenezea babu yako kumbukumbu, wengi wao hawana hata picha. Mdogo wako ana jicho. Picha ile ni ya kweli kabisa, tatizo ni kwamba ni ya siku nyingine. Askari akienda kupigwa picha anajiweka sawa, kofia inapigwa brashi, ukingo unapandishwa unabanwa na kishikizo, anatoa kifua. Lakini hao sita wako hawako mbele ya mpiga picha, wako kwenye matope.

Tuanze na kwa nini ukingo ulipandishwa. Bunduki ikiwekwa bega la kushoto kwenye gwaride mtutu unapita karibu sana na kichwa, ukingo mpana ukiwa umeshuka unagongana nayo. Ndio maana ni kushoto. Waaustralia ndio walioifanya iwe alama yao, toka 1903 jeshi lao zima likawa linavaa hivyo, na Waingereza walipohitaji kofia ya msituni kule Bama wakachukua mtindo huohuo. Kwa hiyo ukingo juu ni gwaride, ni lindo la getini, ni picha ya kutuma nyumbani. Mtu anatembea msituni hana haja nao juu, anaushusha, kwa sababu kofia yenyewe aliletewa kwa ajili ya jua na mvua.

Na mvua ya kule sio ya kuhadithiwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia), ilishuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, yaani katikati ya masika ya kule, ikiwafukuza Wajapani mpaka ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba ikavuka mto Chindwin. Miezi mitatu na zaidi ya matope, malaria, magari yamezama mpaka ekseli. Sasa niambie pama ya feliti, yaani sufu iliyoshindiliwa, inafanywaje na miezi mitatu ya hivyo?

Mimi nilitaka kujua kwa macho yangu, nikanunua pama kuukuu ya feliti mtumbani, nikailoweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi nikaivisha kwenye nguzo ya uzio iache maji. Nakwambia nilijifunza kuliko vitabu vyote. Ukingo haukushuka sawasawa kama mwavuli, hapana, ulishuka mbele na nyuma, pembeni ukabaki juujuu, alafu ukingoni kabisa ukaanza kujikunja mawimbi kama sikio la tembo. Kichwani pale penye bonde la katikati maji yalituama, na bonde lenyewe likatanuka likapoteza ile mikunjo yake mizuri ya mbele. Ilipokauka ikaganda vilevile ilivyo. Ukiipinda kwa mkono inakubali, ukiiacha inarudi nusu. Na jasho la mtu aliyeivaa kabla yangu likatoka kama mstari mweupe juu ya utepe.

Hiyo ndio siri ya hao askari wako. Kila pama ilianza sawa ikatoka stoo moja, baada ya miezi mitatu kila moja ina sura ya mwenyewe. Mmoja ameilalia, mwingine kachotea maji, mwingine ameivuta mbele izuie mvua machoni, mwingine kaisukuma nyuma ya kisogo kwa sababu amechoka na joto. Ningekuwa mimi, wanne ukingo chini, kila mmoja kwa namna yake, wa tano ukingo wa kushoto umepanda nusu kama mtu ambaye kishikizo kimefyatuka na hajali. Na mmoja tu juu kabisa, huyo awe babu yako, manake familia ikija kuangalia itamtafuta yeye kwanza na ni haki wampate. Mkanda wa kidevu usiwaningʼinizie wote, wengi waliupandisha juu ya ukingo au wakaupitisha nyuma ya kichwa.

Ila kama ukibadilisha mawazo ukaweka mandhari ya kuvuka Chindwin mwezi wa Desemba, mvua imeisha, hapo weka vumbi badala ya matope na pama ziwe zimekauka na umbo bovu, sio zinazodondosha maji.

Unene sasa. Ukingo wa pama halisi ni kama sentimita 7, kwenye 1/35 unapata milimita 2 upana, na unene wake unatakiwa uwe kama sehemu ya kumi ya milimita. Plastiki haiwezi, utaikwangua mpaka ikatike. Chukua kopo la soda, bati lake ni karibu unene huohuo. Lipitishe juu ya moto wa jiko kidogo tu lilainike, fanyia nje kwa sababu rangi yake ikiungua moshi ni mbaya, alafu kata kisahani cha kama sentimita 1, kiwe na umbo la yai kidogo sio duara kamili. Toboa katikati, kata ukingo wa plastiki utupe, vua kichwa cha kofia kipachike juu ya kisahani. Kabla ya gundi pinda kwa vidole na kijiti cha meno mpaka upate yale mawimbi. Rangi iwe kavu isiyongʼaa, kaki inayoelekea kahawia, na karibu na utepe iwe nyeusi zaidi kwa jasho. Pama iliyolowa ni giza, tena giza lake linaanzia kingoni linapanda, usiipake yote sawa.

Na tafadhali usichanganye na za Wagurkha, askari wa Nepali waliotumikia Waingereza. Zao ni kofia mbili za feliti zimeingizwa moja ndani ya nyingine, ukingo haupandishwi, na inalazwa kulia. Jenerali Slim mwenyewe aliyeongoza Jeshi la 14 la Waingereza kule Bama alikuwa anapenda kuvaa hiyo, maana alishatumikia na Wagurkha.

SWALI: Fundi, nimepata boksi la askari wa farasi wa Australia vita vya kwanza, wana manyoya kwenye kofia. Kweli walipigana nayo au ni urembo wa boksi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kweli kabisa dada. Ni manyoya ya emu, ndege mkubwa wa kwao anayefanana na mbuni, walianza watu wa Queensland 1891 na baadaye wengine wakaiga, ingawa sio rejimenti zote, ya 6 kwa mfano walizungushia ngozi ya wallaby (mnyama kama kangaruu mdogo) yenye manyoya yake kwenye kofia. Kwa hiyo angalia kwanza boksi linasema rejimenti gani ndio uamue. Wale walioivamia Beersheba, mji wa Palestina, tarehe 31 Oktoba 1917 walikuwa mbio na bayoneti mkononi, kwa hiyo kama farasi wako wanakimbia ukingo wa mbele upinde juu kidogo na upepo, mkanda wa kidevu ukaze, na kama kuna manyoya yalaze nyuma, yasisimame.