Re: mtu wa hesabu anatafuta nini kwenye mbegu za kiume?
Mkuu umeuliza kwa nini hii kazi ya kuchunguza mbegu za kiume zinavyoogelea wasiachiwe madaktari tu. Shida ni maji yenyewe aisee, kwa kadudu kadogo vile maji yanakuwa mazito kama asali, bakteria E. coli akiacha kuzungusha mikia yake anasimama hapo hapo, hasogei hata upana wa atomu moja! Na kadudu kakipiga mkia mbele nyuma kwa njia ile ile kanajikuta kalikotoka, ndo maana mkia wa mbegu unapitisha wimbi kuanzia kichwani kwenda nyuma. Mtu wa hesabu na fizikia G. I. Taylor wa Cambridge, Uingereza, alilipigia hesabu wimbi la hivyo 1951, siku hizi watu wa hesabu kina Lisa Fauci wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, Marekani, wanatumia kompyuta, maana ute wa kizazi ambamo mbegu zinaogelea unavutika, sio maji matupu, na hapo kalamu na karatasi hazifui dafu.